Jinsi ya kufuatilia meli za uvuvi kwa data za AIS: kutoka ramani hadi taarifa inayokubalika

Meli kubwa za uvuvi hubeba chombo cha redio kiitwacho AIS. Kilibuniwa ili meli zisigongane: kila baada ya sekunde chache hutangaza hewani meli ni ipi, iko wapi, inakwenda kwa kasi gani na imeelekea wapi. Matangazo hayo hayana siri. Yananaswa na antena za pwani na satelaiti, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyaona. Mwongozo huu ni wa viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), wahifadhi, waandishi wa habari na wanafunzi wa mwambao wetu wanaotaka kuyatumia kulinda bahari.

Tangulia kuelewa jambo moja. Kuona meli kwenye ramani ni rahisi, hata mtoto ataweza. Kazi iko katika kuondoa, moja baada ya jingine, kila maelezo ya halali ya kile ulichokiona. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kupeleka serikalini.

Unachoweza kuona na usichoweza

Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinadai AIS kwa meli za tani 300 na kuendelea zinazosafiri kimataifa, lakini kwa meli za uvuvi uamuzi mkubwa umeachiwa nchi ya bendera, yaani ile meli ilikosajiliwa. Umoja wa Ulaya unaidai kwa meli zake zote za uvuvi zenye urefu unaozidi mita 15, kwa hiyo meli za Hispania na Ufaransa zinazovua jodari katika Bahari ya Hindi zinatakiwa kuonekana. Bendera nyingine zina ulegevu. Ngalawa, mitumbwi, mashua na madau hayaonekani kabisa, wala usijaribu kuyatafuta huku.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Januari 2024, uliolinganisha picha za satelaiti na AIS, ulikuta kwamba takribani robo tatu ya meli za uvuvi wa kibiashara duniani hazionekani katika mifumo ya wazi. Basi ramani tupu si ushahidi wa bahari tupu.

Kuna pia VMS, mfumo mwingine unaotuma mahali meli ilipo moja kwa moja kwa serikali kupitia satelaiti. Huo ni wa siri katika nchi nyingi. Kwa uvuvi wa bahari kuu wa Tanzania, data hizo ziko kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Fumba, Zanzibar. Hutazipata, lakini taarifa yako ikiwa nzuri, wao wanaweza kuifungua VMS na kulinganisha.

Vifaa

Kompyuta yenye intaneti ya wastani inatosha. Fungua akaunti ya bure katika ramani ya Global Fishing Watch, ambayo ina kumbukumbu tangu 2012. Data zake huchelewa kwa siku tatu hivi, kwa hiyo si chombo cha kukimbizana na meli usiku huuhuu. Ukihitaji kuona meli ilipo sasa, tumia MarineTraffic au VesselFinder, ukijua kwamba toleo la bure huonyesha zaidi zile zilizo karibu na antena za nchi kavu. Ongeza ramani ya vina vya bahari (GEBCO ni ya bure) na programu ya majedwali. Usikose daftari la kuandika kila unachofanya na saa uliyokifanya.

Hatua ya kwanza: weka mipaka na saa sawa

Washa tabaka la Ukanda wa Kiuchumi wa Bahari, ule wa maili 200 za bahari, na tabaka la maeneo yaliyohifadhiwa. Kama eneo lako halimo, mathalani sehemu iliyofungwa na kijiji kwa ajili ya pweza, lichore mwenyewe na ulipandishe kama faili ya GeoJSON au KML. Mistari ya mipaka katika ramani hizi si ya kisheria. Mpaka halisi wa Hifadhi ya Bahari ya Mafia au ya Silikanti Tanga ni ule uliotangazwa katika Gazeti la Serikali, na meli ikiwa mita mia chache tu ndani ya mstari, usidai kitu mpaka uwe na nukta za tangazo lenyewe.

Hapa ndipo makosa mengi ya kijinga hutokea, tena kwa watu wenye akili:

Saa. AIS hutumia saa ya kimataifa, UTC. Sisi tuko saa tatu mbele, na juu ya hapo tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa 18:00 ya UTC ni 21:00 ya Dar es Salaam na Mombasa, yaani saa tatu usiku. Katika taarifa andika UTC kwanza, kisha saa ya Kiswahili yenye neno "usiku" au "asubuhi" kando yake. Mtu akisoma "saa tatu" peke yake anaweza kukosea kwa saa sita au kumi na mbili, na kesi ikapotea hapo.

Nukta za mahali. Kusini mwa ikweta latitudo huwa na alama ya kutoa. Ukiisahau alama hiyo kwenye nukta ya −6.75, 39.5, meli yako itatua kwenye milima ya Bale, Ethiopia. Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana: nyuzi 6 na dakika 45 ni 6.75, si 6.45. Anayeandika 6.45 ameihamisha meli maili 18 za bahari, zaidi ya kilomita 33, na ramani haitamlalamikia.

Hatua ya pili: ijue meli

Bonyeza meli na uandike namba ya MMSI (ya redio yake), namba ya IMO (ya meli yenyewe), jina, alama ya wito na bendera. MMSI ina tarakimu tisa, na tatu za mwanzo ni za nchi: 674 na 677 ni Tanzania, 634 Kenya, 664 Shelisheli, 412 hadi 414 China, 416 Taiwan, 224 Hispania, 422 Iran. MMSI hubadilika meli ikibadili bendera, na nahodha anaweza kuiingiza vibaya, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Ukikuta 123456789 au tarakimu moja iliyorudiwa mara tisa, hapo hakuna utambulisho.

IMO ndiyo ya kushika. Ina tarakimu saba na hubaki na meli tangu kujengwa mpaka kuvunjwa, hata ikibadili jina mara tano. Inajithibitisha yenyewe: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya saba. Kwa 9074729 unapata 63 + 0 + 35 + 16 + 21 + 4 = 139. Inaishia na 9, namba ni sawa. Kama hailingani, kuna aliyekosea au aliyebuni.

Njia ya meli ikiruka kutoka Pemba hadi Bahari ya China na kurudi ndani ya saa moja, meli mbili zinatumia MMSI moja. Zitenganishe kabla ya kuendelea.

Halafu kuna maboya. Wavuvi wa nyavu ndefu hufunga maboya yenye AIS kwenye nyavu ili wazipate, na ramani huyaonyesha kama meli. Utayatambua kwa majina yenye asilimia ya betri au volti mwishoni, na kwa mwendo wa kuelea kwenye mstari mmoja. Usiyafute. Tangu Januari 2022 nyavu za kuelea zenye urefu wa zaidi ya kilomita 2.5 zimekatazwa katika eneo lote la Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, na mstari wa maboya ndio unaokuonyesha urefu wa wavu. Mwaka 2020 mashirika ya Trygg Mat Tracking na Global Fishing Watch yalitumia AIS kuonyesha meli 192 za Iran katika maji ya Somalia na Yemeni.

Hatua ya tatu: soma mwendo kwa kuijua zana

Kasi hupimwa kwa noti, yaani maili ya bahari moja kwa saa, sawa na kilomita 1.852. Kila zana ina mwendo wake.

Meli ya nyavu za kukokota huenda noti 2.5 hadi 5.5 kwa saa kadhaa, ikienda na kurudi juu ya kina kilekile, kama mtu anayelima matuta. Wavuvi wa kambamiti hukaa kwenye maji mafupi ya mchanga na tope: mdomo wa Rufiji, ghuba ya Ungwana.

Meli ya mishipi mirefu hutupa mshipi ikienda noti 8 hadi 10 kwenye mstari ulionyooka, hungoja ikielea, kisha huuvuta kwa noti 3 hadi 6 ikikatakata njia. Mshipi unaweza kufika kilomita 100. Hii ina maana kwamba meli inaweza kuwa nje ya mpaka na ndoana zake zikawa ndani, au kinyume chake. Tazama siku nzima, usitazame nukta moja.

Meli ya nyavu za kuzungusha, zile kubwa za jodari, hukimbia mchana kwa noti 10 na zaidi ikitafuta, kisha hufunga duara dogo na kusimama kwa saa mbili au tatu. Usiku huelea. Programu hukosea zaidi kwenye zana hii, kwa sababu uvuvi wenyewe ni mfupi na kuelea ni kwingi.

Ramani itakuwekea rangi penye "uvuvi unaodhaniwa". Hayo ni maoni ya kompyuta iliyofundishwa kwa mienendo. Pakua nukta zenyewe, zipange kwa saa, uhesabu kasi mwenyewe.

Hatua ya nne: mkondo wa maji

Mwambao wetu una mtego ambao miongozo ya Ulaya haiutaji. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika noti 4. Meli iliyozima injini kusubiri bandari itaelea kwa noti 2 au 3, kasi ileile ya kukokota wavu.

Chukulia meli iliyo kwenye mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, latitudo −5.200 saa 01:00 UTC na −5.125 saa 02:30, longitudo ileile. Tofauti ni 0.075 ya nyuzi, sawa na dakika 4.5, yaani maili 4.5 za bahari kwa saa moja na nusu: noti 3 kamili. Ramani inaweza kuitilia rangi ya uvuvi. Fanya majaribio matatu. Je, inakwenda kaskazini tu bila kurudi? Je, pua ya meli imeelekea kwingine na mwendo wake uko kaskazini? AIS hutoa vyote viwili, uelekeo wa pua na uelekeo wa safari, na vikiachana sana meli inaelea. Tatu, kina ni kiasi gani? Mlango huo wa bahari una kina cha mamia ya mita, na hakuna nahodha wa kambamiti atakayetupa wavu pale. Majibu matatu yakielekea upande mmoja, umeokoa muda wa askari na heshima yako.

Hatua ya tano: meli ikipotea

Nukta zikikatika, usiruke kusema "amezima". Satelaiti hazipiti kila dakika, penye meli nyingi mawimbi hugongana, na vyombo vya AIS vya daraja B, ambavyo vingi vina nguvu ya wati 2 badala ya 12.5 za daraja A, mara nyingi havisikiki angani. Linganisha na meli nyingine: kama jirani zake walisikika vizuri muda huohuo na yeye alikuwa akisikika hapo kabla, shaka inaongezeka. Kigezo kinachotumika sana ni pengo la saa 12 au zaidi lililoanza mbali na pwani kwa zaidi ya maili 50 za bahari.

Hata akizima kweli, kanuni zinamruhusu nahodha kufanya hivyo akihofia usalama, na tangu mwishoni mwa 2023 maharamia wamerudi katika bahari ya Somalia. Pengo kaskazini mwa Lamu lina maelezo ambayo pengo kusini mwa Mtwara halina. Pima umbali kati ya nukta ya mwisho na ya kwanza baada ya pengo, gawa kwa saa: ukipata noti 9, alikuwa safarini, ukipata 1 au 2, huenda alikaa mahali akifanya jambo, au alielea tu.

Kwa vipindi hivyo vya pengo washa tabaka la rada ya satelaiti ya Sentinel-1, ambayo huona vyuma hata penye mawingu, ingawa hupita eneo moja kwa siku kadhaa mara moja na vyombo vidogo vya mbao huvikosa. Tabaka la taa za usiku nalo ni zuri, ila karibu na Unguja na Pemba, hasa siku za giza, taa nyingi ni za wavuvi wetu wa dagaa. Usiwashitaki.

Hatua ya sita: kukutana baharini

Kuhamishia samaki kwenye meli ya majokofu ndiyo njia ya kale ya kuficha samaki walikotoka. Global Fishing Watch huhesabu "kukutana" pale meli mbili zinapokuwa ndani ya mita 500 kwa angalau saa mbili, kasi chini ya noti 2, mbali na maeneo ya kutia nanga kwa kilomita 10 au zaidi. Sheria inatofautiana kwa zana. Katika eneo la Kamisheni ya Jodari, meli za nyavu za kuzungusha hazina ruhusa ya kuhamishia samaki baharini, ni bandarini tu. Meli kubwa za mishipi zinaweza, mradi meli inayopokea iwe imeidhinishwa na ina mwangalizi. Mkutano wa aina ya kwanza ni wa kuripoti. Wa pili ni wa kuuliza.

Hatua ya saba: leseni

Meli ya kigeni ikivua ndani ya maili zetu 200 inaweza kuwa na leseni halali kabisa. Tafuta IMO yake katika orodha ya meli zilizoidhinishwa na Kamisheni ya Jodari, iliyo wazi kwa umma, pamoja na orodha yake ya meli za uvuvi haramu. Kuwamo katika ya kwanza hakuipi haki ya kuvua Tanzania wala Kenya. Leseni ya nchi ni kitu kingine, na hiyo unaiuliza mamlaka kwa barua. Ndani ya hifadhi leseni ya bahari kuu haisaidii, kwa hiyo kesi huwa nyepesi kidogo.

Ukitaka antena yako mwenyewe

Kituo kidogo cha kupokea AIS huziba tundu la data karibu na pwani. Unahitaji kipokezi cha USB cha aina ya RTL-SDR, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, programu ya bure ya AIS-catcher na antena. AIS hutumia 161.975 na 162.025 MHz, antena ya nyaya mbili zilizosimama wima, kila moja sentimita 44, inatosha. Tumia kebo fupi, kwani mita 10 za RG-58 zitakula zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya mawimbi. Funga viungo kwa utepe wa mpira usiopitisha maji, la sivyo chumvi itavimaliza kabla msimu haujageuka, na utadhani meli zimepungua.

Kinachoamua masafa ni urefu. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya meli, zidisha kwa 4.12: hizo ni kilomita. Antena ya mita 25 na ya meli ya mita 9 zinakupa kilomita 33. Ipandishe kwenye kilima iwe mita 64, unapata 45. Kabla ya kuiwasha, iulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kama unahitaji kibali.

Kuandika taarifa

Kurasa mbili zinatosha. Weka utambulisho wote wa meli, mwanzo na mwisho wa tukio kwa UTC na saa ya hapa, nukta za mahali kwa desimali, kasi, kina, umbali wa ndani ya mpaka na mpaka huo umeutoa wapi. Ambatisha picha ya ramani yenye tarehe na ufunguo wa rangi, na faili ya nukta ghafi kama ulivyoipakua, bila kuigusa. Kisha andika aya ambayo wengi huiruka: maelezo mengine uliyoyafikiria (mkondo, hitilafu ya chombo, hali ya hewa, leseni) na sababu ya kuyakataa kila moja. Afisa ataisoma aya hiyo kwanza. Andika "mwendo unaolingana na kukokota wavu", usiandike "alikuwa akiiba samaki".

Tanzania, mambo ya bahari kuu hupelekwa kwa Mamlaka ya Fumba. Ya maji ya pwani ni ya idara ya uvuvi, bara au Zanzibar. Ya hifadhi kwa bara ni ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kenya, peleka kwa idara ya uvuvi na kikosi cha walinzi wa pwani. Usirushe jina la meli mitandaoni kwanza. Mwenye meli akijua anafuatiliwa hubadili bandari, na wewe unaweza kujikuta mahakamani kwa kashfa. Meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 na kutupa msemo wa "samaki wa Magufuli", ilikutwa na shehena ya jodari ndani yake, na bado hukumu haikusimama katika rufaa. Kama kesi yenye tani za samaki inaweza kuanguka, ya nukta za ramani inahitaji uangalifu mara mbili.

Ukishapeleka, endelea kuifuata meli hiyo kila wiki na uandike inapoingia bandarini. Bandarini ndipo wakaguzi wanapoweza kuifungua ghala bila boti ya doria, na taarifa inayosema "itafika Port Victoria, Shelisheli, baada ya siku mbili" huamsha simu nyingi kuliko inayosema ilikuwa wapi mwezi uliopita.